Alexander Borodin, Mtunzi wa Muziki na Mwanakemia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Alexander Borodin alikuwa nani?

Alikuwa profesa wa kemia katika Chuo cha Tiba na Upasuaji cha St. Petersburg, na katika saa chache alizobakiza baada ya maabara, mihadhara na vikao vya kamati, alitunga muziki ambao umemweka miongoni mwa watunzi wakubwa wa Urusi. Kazi imetangulizwa hapa na muziki ukafuata kwa sababu ndivyo yeye mwenyewe alivyopanga maisha yake. Alipenda kujiita mtunzi wa Jumapili, na ingawa kauli hiyo ilikuwa na utani ndani yake, ratiba yake ya wiki ilithibitisha kwamba hakuwa akitania sana. Alizaliwa mwaka 1833 na kufariki mwaka 1887, akiwa na umri wa miaka 53.

Jina lake linatamkwaje?

Mkazo huwekwa kwenye silabi ya mwisho, kinyume na mazoea yetu ya Kiswahili ya kukaza silabi ya pili kutoka mwisho. O ya kwanza na ya pili hazina mkazo, kwa hiyo Warusi huzitamka karibu na a: Baradin, huku "din" ikisikika kwa nguvu.

Kwa nini vitabu hutoa tarehe mbili za kuzaliwa kwake?

Urusi ya wakati huo ilitumia kalenda ya zamani, ambayo katika karne ya 19 ilikuwa nyuma kwa siku 12 ikilinganishwa na ile iliyotumika Ulaya Magharibi na tunayoitumia leo. Kwa hiyo tarehe 31 Oktoba 1833 na tarehe 12 Novemba 1833 ni siku moja. Kifo chake vilevile huandikwa tarehe 15 au 27 Februari 1887. Katika ukurasa huu tarehe kamili zimetolewa kwa kalenda ya sasa.

Ni kweli kwamba aliandikishwa kama mtoto wa mtu asiye baba yake?

Ni kweli. Baba yake mzazi alikuwa Luka Gedevanishvili, mtu wa ukoo wa kitawala kutoka Jojia, ambaye Borodin alipozaliwa alikuwa amekwisha kupita umri wa miaka 60 na tayari alikuwa na mke. Mama yake, Evdokia Antonova, alikuwa msichana wa miaka ya ishirini na kitu. Kwa kuwa mtoto alizaliwa nje ya ndoa, aliandikishwa kuwa mwana wa Porfiry Borodin, mmoja wa watumishi wa Gedevanishvili, yaani mtu aliyekuwa mali ya bwana wake kwa sheria za Urusi za wakati huo. Maana yake ni kwamba, kwa mujibu wa karatasi, mtoto huyu alikuwa mali ya baba yake mwenyewe hadi alipopewa uhuru akiwa bado mdogo.

Alilelewa na mama yake katika nyumba nzuri na kwa mapenzi makubwa, lakini mbele ya watu ilimpasa kumwita kwa neno la Kirusi ambalo halitenganishi shangazi na mama mdogo. Kiswahili kingemlazimisha achague, na bila shaka angeambiwa aseme mama mdogo, jambo ambalo lingekuwa nusu ya ukweli. Kirusi kiliificha siri hiyo vizuri zaidi.

Je, kwa asili alikuwa Mjojia au Mrusi?

Kwa damu alitoka kote kuwili, lakini alikulia St. Petersburg, akaishi na kufanya kazi kwa Kirusi, na muziki wake umesimama juu ya nyimbo za Kirusi. Wapo wanaosikia asili ya baba yake katika vipande vyake vyenye ladha ya Mashariki. Hoja hiyo haina uzito mkubwa, kwa sababu watunzi wenzake Balakirev na Rimsky-Korsakov nao walitunga muziki wa namna hiyo bila kuwa na tone la damu ya Jojia. Ilikuwa ni lugha ya kundi lao zima la watunzi.

Alijifunza wapi muziki?

Nyumbani, kwa walimu binafsi na kwa juhudi zake mwenyewe. Alianza na filimbi na piano, kisha akajifunza selo akiwa kijana, na akiwa na umri wa miaka tisa alitunga kipande kifupi cha kuchezea dansi, polka, kwa ajili ya msichana aitwaye Hélène. Chumba chake wakati huohuo kilijaa chupa na harufu za majaribio ya kemia. Hakupata kusoma katika chuo cha muziki, na hata angetaka asingekipata kwa urahisi, kwa kuwa chuo cha St. Petersburg kilifunguliwa mwaka 1862, wakati yeye alikuwa tayari daktari mwenye shahada ya uzamivu.

Aliingia Chuo cha Tiba na Upasuaji mwaka 1850. Mwalimu wake mkuu wa kemia, Nikolai Zinin, alimpenda na kumtayarisha kuwa mrithi wake, ndiyo maana alikerwa kumwona akipoteza muda kwa nyimbo. Siku moja alimkemea mbele ya wanafunzi wenzake, akimwambia apunguze habari za nyimbo kwa sababu anawinda sungura wawili kwa wakati mmoja. Mswahili angesema mshika mbili moja humponyoka. Borodin alisikia, akaheshimu, akaendelea kushika zote mbili kwa miaka mingine zaidi ya thelathini.

Je, alipata kufanya kazi ya udaktari?

Kwa muda mfupi. Alihitimu mwaka 1856 na kupelekwa katika hospitali ya kijeshi, ambako inasimuliwa kwamba alipoletewa watu waliochapwa viboko kwa amri ya bwana wao, na kutakiwa kuwatoa vibanzi migongoni, alizimia zaidi ya mara moja. Mwaka 1858 alitetea tasnifu yake ya uzamivu, iliyolinganisha asidi ya aseniki na asidi ya fosforasi, na tangu hapo kemia ikamchukua kabisa. Lakini hospitali hiyo ilimpa zawadi moja: ni pale, mwaka 1856, alipokutana na ofisa kijana wa jeshi aliyekuwa zamu pamoja naye, mtanashati, aliyependa kucheza piano mbele ya mabibi. Kijana huyo alikuwa Modest Mussorgsky, mtunzi wa baadaye.

"Kundi la Watano" lilikuwa nini?

Lilikuwa kundi la marafiki waliotaka kuujenga muziki wa Urusi juu ya nyimbo za watu wake, bila kusubiri ruhusa ya vyuo vya Ulaya. Kiongozi alikuwa Mily Balakirev, na wengine walikuwa César Cui, Modest Mussorgsky, Nikolai Rimsky-Korsakov na Borodin. Mhakiki Vladimir Stasov alilitaja mwaka 1867 kwa maneno ya Kirusi yenye maana ya kikundi kidogo chenye nguvu. Wapinzani wakalidaka jina hilo kwa kejeli, nalo likabaki. Karibu wote walianza na riziki nyingine: Cui alikuwa mhandisi wa ngome za kijeshi, Mussorgsky ofisa wa jeshi na baadaye karani wa serikali, na Rimsky-Korsakov ofisa wa jeshi la majini. Kwa hiyo mwanakemia katikati yao hakuwa kioja. Kilichomtofautisha ni kwamba wengine walikuwa wakiikimbia kazi yao ya mshahara kila walipopata mwanya, ilhali Borodin aliipenda yake.

Alijiunga nao mwaka 1862 aliporudi kutoka ughaibuni. Balakirev alimsukuma mara moja aandike simfoni, yaani kazi ndefu ya okestra, na ile ya kwanza, katika ufunguo wa E-bemoli, ilipigwa mwaka 1869 Balakirev mwenyewe akiongoza okestra.

Alikuwa akifanya nini ughaibuni?

Alitumwa na chuo chake kusomea kemia, akaishi zaidi Heidelberg, Ujerumani, kuanzia mwaka 1859. Alikuwa huko pamoja na Dmitri Mendeleev, ambaye baadaye alipanga jedwali la elementi, na mwaka 1860 walihudhuria pamoja mkutano mkubwa wa wanakemia wa Karlsruhe, uliosaidia kuleta mwafaka juu ya uzito wa atomu. Ni Heidelberg pia, mwaka 1861, alipomkuta Ekaterina Protopopova, mpiga piano kutoka Moscow aliyekuja kutafuta nafuu ya kifua. Ekaterina alimfungulia dunia ya Chopin na Schumann. Madaktari waliposhauri ahamie mahali penye joto, wakaenda Pisa, Italia, ambako Borodin alipewa nafasi katika maabara na akaendelea na utafiti wa misombo ya florini. Walifunga ndoa mwaka 1863.

Mchango wake katika kemia ni upi, au hutajwa kwa heshima tu?

Ni mchango wa kweli, na wanakemia humtaja bila kujali kama wamewahi kusikia simfoni zake. Mwaka 1861 alieleza namna ya kupata misombo ya bromini kwa kuifanya bromini itende pamoja na chumvi ya fedha ya asidi ya kikaboni. Njia hiyo iliimarishwa na wengine katika karne ya 20, na bado baadhi ya vitabu huiita kwa jina lake pamoja na la Hunsdiecker. Mwaka uliofuata, akiwa Pisa, alifanikiwa kuondoa klorini katika msombo wa benzoili na kuweka florini mahali pake, kazi ngumu na ya hatari kwa vifaa vya wakati ule.

Kubwa kuliko zote ni kazi yake juu ya aldehidi, aina mojawapo ya misombo yenye kaboni. Mwaka 1872 aliripoti kwamba molekuli mbili za aldehidi zinaweza kuungana na kuwa kitu kimoja chenye tabia ya aldehidi na ya alkoholi kwa pamoja, na kutokana na tabia hizo mbili ndipo lilipotoka jina aldoli. Mfaransa Charles-Adolphe Wurtz alifikia matokeo hayohayo mwaka huohuo, na kwa muda mrefu sifa nyingi zilimwendea yeye. Mmenyuko huo ni miongoni mwa nyenzo za kila siku za kujengea molekuli zenye kaboni, na hata seli zetu huvunja sukari kwa hatua moja iliyo sawa na mmenyuko huo ukirudishwa kinyumenyume. Ukiniuliza ni lipi kati ya mambo ya Borodin linaloigusa dunia zaidi kila siku, nitajibu kwamba ni hili, ingawa halina tuni.

Kwa nini alitunga kazi chache hivyo?

Kwa sababu muda wake haukuwa wake. Alikuwa profesa tangu mwaka 1864, na aliishi katika nyumba ya chuo iliyopakana na maabara, kiasi kwamba aliweza kuondoka katikati ya mazungumzo ya muziki kwenda kuangalia kama kitu hakijaungua, kisha akarudi. Rimsky-Korsakov, katika kumbukumbu zake, anaieleza nyumba hiyo kwa mchanganyiko wa mapenzi na kukata tamaa: ndugu na jamaa waliofika kutembea na kubaki, wengine wakiwa wagonjwa, wakilala hata kwenye makochi, mwenye nyumba akiacha kupiga piano ili asiwaamshe, chakula cha usiku kilicholiwa saa zisizoeleweka, na paka waliotembea mezani na kuchovya pua katika sahani za wageni. Ekaterina alikuwa na pumu, alikosa usingizi usiku, na mara nyingi aliishi Moscow kwa ajili ya afya yake. Hawakujaliwa mtoto, lakini walilea wasichana kama binti zao.

Juu ya hayo yote kulikuwa na wanafunzi. Mwaka 1872 zilifunguliwa St. Petersburg kozi za tiba kwa wanawake, jambo ambalo watu wengi wenye vyeo hawakulitaka, na Borodin alikuwa miongoni mwa walioziasisi na kuzitetea. Alifundisha kemia humo, akatafuta fedha, akaomba nafasi na misaada kwa niaba ya wanafunzi wake. Marafiki wa muziki waliona haya yote kama wizi wa muda. Yeye mwenyewe aliandika katika barua kwamba hutunga pale tu anapougua kiasi cha kutoweza kwenda kufundisha, kwa hiyo wenzake wa muziki wanapomsalimu humtakia ugonjwa badala ya afya.

Simfoni yake ya pili ina habari gani?

Ni katika B-ndogo, na ndiyo simfoni yake iliyopendwa kuliko zote. Ilimchukua kuanzia mwaka 1869 hadi 1876. Ilipokaribia kupigwa kwa mara ya kwanza aligundua kwamba amezipoteza kurasa za okestra za sehemu ya kwanza na ya mwisho, katika nyumba ile ya wageni na paka. Bahati nzuri, kwa mantiki yake mwenyewe, aliugua, na akiwa kitandani akaandika upya kwa penseli. Onyesho la mwaka 1877, likiongozwa na Eduard Nápravník, halikufana, kwa sehemu kwa sababu vyombo vya shaba vilikuwa vimebebeshwa mzigo mzito mno. Akaipunguza, na mwaka 1879 Rimsky-Korsakov akaipiga kwa mafanikio zaidi. Inafunguliwa na nyuzi zote zikitamka kwa pamoja sentensi moja fupi na nzito, kama mtu anayebisha mlango wa ngome. Stasov aliifananisha na mashujaa wa hadithi za kale za Urusi, na jina lake la utani, simfoni ya Kishujaa, likatokana na hapo.

Opera yake inahusu nini, na kwa nini haikumalizika?

Nitaiita Mtemi Igor. Wapo wanaoandika Mwanamfalme Igor, lakini cheo cha Kirusi kinamtaja mtawala wa eneo dogo mwenye askari wake, na neno mtemi liko karibu zaidi. Igor wa Novgorod-Seversky aliishi kweli, na mwaka 1185 alitoka kupigana na Wapolovtsi, wafugaji wapanda farasi wa nyika za kusini, akapuuza dalili ya kupatwa kwa jua, akashindwa na kutekwa. Vita hivyo vinasimuliwa katika utenzi wa kale ambao ni mmoja wa misingi ya fasihi ya Kirusi. Stasov alimpa Borodin wazo pamoja na muhtasari mwaka 1869. Borodin aliandika maneno mwenyewe, akasoma historia, akaacha kwa miaka kadhaa, akarudi, akatunga wimbo hapa na dansi pale bila kufuata mpangilio, na miaka 18 baadaye alikufa akiwa na opera iliyojaa mali lakini isiyo na paa.

Mfano mmoja wa mwendo wake ni wa mwaka 1879. Dansi za Wapolovtsi zilikuwa zimetangazwa katika konseti, na muda ulikuwa umekwisha bila okestra kuandikwa. Usiku mmoja Rimsky-Korsakov na Anatoly Lyadov walikaa naye kugawana kurasa. Waliandika kwa penseli ili kuokoa muda, Borodin akapaka kurasa gelatini ya maji ili maandishi yasifutike, na ili zikauke haraka wakazianika kwenye kamba ndani ya chumba, kama nguo zilizofuliwa.

Baada ya kifo chake, Rimsky-Korsakov na Alexander Glazunov waliikamilisha opera, nayo ikaonyeshwa katika Ukumbi wa Mariinsky tarehe 4 Novemba 1890.

Ni kweli kwamba Glazunov aliandika utangulizi wa opera kwa kukumbuka tu?

Hadithi hiyo husimuliwa hivi: Borodin aliwahi kuwapigia marafiki utangulizi kwa piano bila kuuandika, na Glazunov, aliyekuwa na kumbukumbu ya ajabu, akauandika wote kutoka kichwani. Glazunov mwenyewe alieleza kwamba aliutunga kwa kufuata kwa takriban mpango wa Borodin, akichukua tuni kutoka ndani ya opera. Kwa hiyo anayesikiliza utangulizi huo anasikia malighafi ya Borodin na useremala wa Glazunov. Sehemu kubwa ya tendo la tatu nayo ni kazi ya Glazunov, na maonyesho mengi ya siku hizi hulikata au kulipunguza.

"Katika Nyika za Asia ya Kati" ni muziki wa aina gani?

Ni picha fupi ya okestra, ya dakika saba au nane, iliyoandikwa mwaka 1880 kwa ajili ya sherehe za kutimiza miaka 25 ya utawala wa Alexander II, mfalme wa Urusi. Fidla zinashika noti moja ya juu kabisa, isiyotikisika, kama upeo wa macho usio na mti. Wimbo wa Kirusi unasikika. Kisha nyuzi zinadonolewa kwa vidole na tunasikia hatua za ngamia na farasi, na tuni ya Mashariki inapigwa na chombo cha mwanzi chenye sauti ya puani isiyo mbali sana na zumari. Mwishoni nyimbo mbili zinapigwa kwa wakati mmoja na kulingana barabara. Maelezo aliyoyaandika Borodin yanasema msafara unapita salama chini ya ulinzi wa askari wa Urusi. Msikilizaji wa leo ana haki ya kukumbuka kwamba askari hao walikuwa wameiteka nchi hiyo kwa silaha, na kwamba ulinganifu ule mzuri ulitungwa kwa upande mmoja tu wa bunduki. Kipande kilitolewa kwa heshima ya Franz Liszt, ambaye Borodin alimtembelea Weimar mwaka 1877 na ambaye alimtia moyo sana.

Kwa nini baadhi ya tuni zake zinafahamika hata kwa watu wasiosikiliza muziki wa aina hii?

Mwaka 1909 mwandaaji wa maonyesho Sergei Diaghilev alipeleka Dansi za Wapolovtsi Paris, zikichezwa kwa mpangilio wa Michel Fokine, na zikawasha mji. Mwaka 1953 Broadway, mtaa wa majumba ya michezo ya New York, ilionyesha mchezo wa kuimba uitwao Kismet, ambao karibu muziki wake wote ulichukuliwa kwa Borodin. Dansi ya wasichana wa Kipolovtsi ikageuzwa kuwa wimbo wa mapenzi "Stranger in Paradise", ulioimbwa na wengi. Mwaka 1954 Borodin alipewa tuzo ya Tony, ya michezo ya jukwaani ya Marekani, miaka 67 baada ya kufa.

Alikufaje?

Ghafla, akiwa amefurahi. Usiku wa tarehe 27 Februari 1887 kulikuwa na dansi ya mavazi ya kujibadili chuoni kwake, naye alihudhuria akiwa amevaa vazi la Kirusi. Alikuwa akizungumza alipoanguka kwa ugonjwa wa moyo na kufa papo hapo, katikati ya madaktari. Ekaterina alikuwa Moscow, na alimfuata miezi michache baadaye, mwaka huohuo. Amezikwa katika Makaburi ya Tikhvin, St. Petersburg, karibu na Mussorgsky, na nyuma ya sanamu yake kuna ukuta wa mozaiki wenye noti za tuni zake.

Nianze kusikiliza nini?

Wengi huambiwa waanze na Dansi za Wapolovtsi, na si ushauri mbaya. Mimi ningekuelekeza kwenye kwarteti ya pili ya nyuzi, katika D, aliyoitunga kiangazi cha mwaka 1881 na kuitoa kwa mkewe, takriban miaka 20 tangu walipokutana Heidelberg. Ni fidla mbili, viola na selo, kwa muda usiotimia nusu saa. Kwa mara moja alifanya kazi haraka, na hakuna mtu mwingine aliyelazimika kuimaliza. Katika sehemu ya tatu, iitwayo Notturno, selo ndiyo inayoanza kuimba, chombo alichokipiga yeye mwenyewe tangu ujanani. Fidla ya kwanza inaurudia wimbo uleule kwa sauti ya juu. Na baadaye vinafuatana kwa karibu sana, kimoja kikianza kabla kingine hakijamaliza sentensi.